Dakika Kumi Mbele ya Ubao: Hotuba kwa Wanaokwenda Marekani Kusoma na Kufundisha

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam kwa vijana waliopata nafasi za uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vya Marekani. Inahusu Kiingereza cha kuzungumza, na mtihani wake ambao wengi hupewa kabla ya kuruhusiwa kufundisha huko. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu zangu, hamjambo? Mbona sauti ndogo? Hamjambo? Haya, sasa nimesikia. Tuko pamoja? Mmeitikia kwa mpigo mmoja, tena kwa wimbo ule ule wa darasa la tatu. Mwitikio huo uwekeni kiporo. Nitaurudia baadaye, maana ni mmoja wa vitu vinavyoweza kuwaponza huko mwendako.

Wengi wenu mna barua mkononi. Wapo waliotoka Mombasa na Nairobi, na nimeambiwa wapo wawili wa Bukavu ambao Kiingereza kwao ni lugha ya nne. Hongereni wote. Sasa niwaulize: nani ameisoma barua yake mpaka ukurasa wa mwisho? Si ule wa pongezi. Wa mwisho, wenye maandishi madogo.

Mikono mitatu. Basi tuanzie hapo.

Kwanza neno lenyewe, TA, yaani "teaching assistant", mwalimu msaidizi. Hapa kwetu ukisema fulani ni TA pale chuoni, watu wanaelewa ameajiriwa: alitoka na GPA ya juu, chuo kikambakiza, sasa yumo kwenye orodha ya mishahara. TA wa Marekani ni mwanafunzi kama wewe. Analipiwa ada, anapewa posho ya kujikimu, na yeye analipa kwa kazi: anaongoza semina ya wanafunzi ishirini na kitu, anasimamia maabara, anasahihisha, anakaa ofisini saa zilizotangazwa ili wenye maswali waje. Kazi hiyo kwa kawaida haizidi saa 20 kwa wiki, na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, yenyewe haikuruhusu kuzidisha saa hizo kampasini wakati masomo yanaendelea. Kwa hiyo TA wa hapa na TA wa kule majina ni mamoja, lakini hali ni mbili tofauti.

Tuchukue mfano. Tumpe jina Neema. Neema anakwenda kusoma uzamivu wa kemia. Alama zake za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni, ni 94 kati ya 120, na idara ilitaka 80, kwa hiyo amepita kwa raha. Lakini ndani ya hiyo 94, sehemu ya kuzungumza amepata 22 kati ya 30. Hakuna aliyemwambia kitu. Barua ikasema amekubaliwa na atakuwa TA, na ukurasa wa pili ukasema uteuzi huo ni "contingent upon certification of oral English proficiency", yaani unategemea kwanza ithibitishwe kwamba Kiingereza chake cha kuzungumza kinatosha. Neema akairuka sentensi hiyo. Agosti akafika, wiki moja kabla ya masomo akaitwa kwenye mtihani wa kuzungumza, hakufaulu. Sasa hesabu inaanza. Ada yake inalipwa na nini? Na ule uwalimu. Posho inatoka wapi? Kwenye uwalimu ule ule. Idara yenye moyo itampa kazi ya kusahihisha au kuandaa vifaa vya maabara kwa muhula mmoja huku akisoma kozi ya lugha. Idara isiyo na fedha za kuchezea itamwambia muhula ujao hakuna uhakika.

Neno "contingent" likitokea kwenye barua yako, ujue maana yake ni kwamba fedha hiyo bado haijawa yako.

Mkenya mmoja hapo mbele anatabasamu. Anawaza, mimi TOEFL nilisamehewa, shahada yangu yote niliisoma kwa Kiingereza. Ni kweli, vyuo vingi vinatoa msamaha huo. Lakini huo ni msamaha wa lango la kuingilia chuoni. Lango la darasani lina bawabu wake, na bawabu huyo mara nyingi haulizi kama ulisamehewa kwenye lango la kwanza. Uliza mapema. Usipouliza utajua ukiwa huko, koti la baridi hujanunua.

Na kila chuo kina kipimo chake. Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, wametaka 27 kwenye sehemu ya kuzungumza ya TOEFL, au 8 ya kuzungumza kwenye IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza. Ukiwa chini ya hapo unafanya mtihani wao wenyewe, unaitwa OEPT, alama zake zinakwenda tano tano kutoka 35 hadi 60, na kufaulu ni 50. Jirani zao wa Chuo Kikuu cha Illinois, pale Urbana-Champaign, wamekuwa wakikubali 24 ya TOEFL. Mmeona? Mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na mtu yule yule mwenye 25 anafundisha huku, kule hafundishi. UCLA, Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, wana mtihani unaoitwa TOP: ukipata 7.1 kwenda juu umefaulu, kati ya 6.4 na 7.0 umefaulu kwa masharti, unafundisha huku ukichukua kozi, na chini ya hapo darasani huingii. Halafu kuanzia Januari 2026 TOEFL yenyewe imebadili kipimo, sasa wanatoa alama 1 hadi 6. Hizo 24 na 27 ninazozitaja, pamoja na zile za Neema, ni za kipimo cha zamani. Usibahatishe kuzigeuza mwenyewe, uliza ofisi inazilinganisha vipi.

Uliza nini hasa? Andika barua pepe kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yako, fupi, leo jioni. Je, mimi nahitajika kuthibitisha Kiingereza cha kuzungumza kabla ya kufundisha? Kwa mtihani gani, alama ngapi, tarehe gani? Unaweza kufanyika kwa mtandao kabla sijasafiri? Nisipofaulu, muhula wa kwanza nalipwa kwa kazi gani, na nina nafasi ngapi za kurudia? Mkiuliza hayo hamwonekani wasumbufu. Mratibu anayajibu kila mwaka.

Tuendelee. Kwa nini Wamarekani wamelivalia njuga jambo hili? Jibu lake ni siasa, na siasa hiyo ina umri.

Miaka ya 1980 madarasa ya mwaka wa kwanza ya hesabu, fizikia na uhandisi katika vyuo vikubwa yalijaa walimu wasaidizi kutoka nje. Wanafunzi wakalalamika kwa wazazi, wazazi wanalipa ada na kodi, wakalalamika kwa wabunge wa majimbo. Wabunge nao wakatunga sheria. Florida mwaka 1983, Ohio 1986, Texas 1989, Pennsylvania 1990, na nyingine katikati. Kwa hiyo katika majimbo hayo, pale mtahini anapokupa alama, nyuma yake kuna chuo kinachotakiwa na sheria ya jimbo kionyeshe kwamba kilikupima. Hata akikupenda vipi, hana mamlaka ya kusema "mwache tu aingie."

Kisa kilichotia fora ni cha North Dakota, mwaka 2005. Mbunge wa jimbo, Bette Grande, alipeleka muswada mkali: mwanafunzi akilalamika kwa maandishi kwamba Kiingereza cha mwalimu hakieleweki, aruhusiwe kuacha somo na kurudishiwa ada yake. Na wakilalamika asilimia 10 ya darasa, mwalimu aondolewe kufundisha. Piga hesabu. Darasa la watu ishirini, asilimia 10 ni watu wangapi? Wawili! Wawili waliofeli jaribio la kwanza wakakaa mgahawani wakakubaliana, na wewe kazi huna. Muswada ulilainishwa sana kabla ya kupita, ukabaki kuvitaka vyuo viwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Lakini unaonyesha hasira ilikuwa imefika wapi.

Je, hasira hiyo ni ya haki?

Nusu. Na nusu hii nataka muielewe vizuri, kwa sababu itawalinda siku mtakayoumia.

Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha jaribio moja dogo, la kijanja. Alichukua wanafunzi 62 wa shahada ya kwanza, akawasikilizisha mhadhara wa dakika nne hivi uliorekodiwa. Sauti ilikuwa ya Mmarekani, mzaliwa wa Ohio, Kiingereza ni lugha yake ya mama. Wote walisikia sauti hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa picha iliyoonyeshwa kuwa ndiyo ya mwalimu: wengine waliona mwanamke Mzungu, wengine mwanamke mwenye sura ya Kichina. Nini kikatokea? Walioona sura ya Kichina walisema mwalimu ana lafudhi ya kigeni. Lafudhi gani, na sauti ni ya Ohio? Na si hilo tu. Walipopewa jaribio la kupima walichokielewa, hao hao walipata alama za chini zaidi. Macho yaliziba masikio.

Kwa hiyo mkisimama pale, kuna mtu atakayeacha kuwasikiliza kabla hamjafungua mdomo. Hilo si kosa lenu, na hakuna mazoezi ya matamshi yatakayoliondoa. Vyuo vingewapima na wasikilizaji pia, au angalau vingewafundisha namna ya kumsikiliza mtu wa lafudhi nyingine. Vinavyofanya hivyo ni vichache, na mimi naona hapo wamekwepa nusu ya kazi.

Lakini nusu iliyobaki ni yetu. Je, tukae tunalia ubaguzi mpaka tarehe ya mtihani ipite?

Habari njema ni hii. Wako watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, ambao mwaka 1995 walionyesha kwamba lafudhi ni kitu kimoja na kueleweka ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito kabisa, msikilizaji akasema "huyu mgeni," na bado akamwelewa neno kwa neno. Kwa hiyo anayekuuzia kozi ya kuua lafudhi, mwambie asante. Hutakiwi kuongea kama mtangazaji wa Chicago. Unatakiwa ueleweke na kijana wa miaka kumi na tisa aliyekaa safu ya nyuma, ametoka mji mdogo wa Indiana, na pengine maishani mwake hajawahi kumsikia mtu wa Dodoma.

Sasa nini kwetu kinamkwamisha kijana huyo? Hapa naomba utulivu kidogo, maana ndipo penye nyama.

Kiswahili kina sheria moja tamu: mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-TA-bu. Ongeza silabi, mkazo unahama nao: kita-BU-ni. Hatufundishwi, tumezaliwa nayo. Tatizo ni kwamba tunaibeba mpaka kwenye Kiingereza, na Kiingereza hakina sheria hiyo. Semeni pamoja nami neno la takwimu, lile la namba ya katikati: "median". Nimesikia wengi mkisema "meDIan". Mmarekani anasema "MEdian". Ninyi "variAble", yeye "VAriable". Ninyi "hypoTHEsis", yeye "hyPOthesis". Ninyi "deriVAtive", yeye "deRIvative". Ninyi "veloCIty", yeye "veLOcity". Watu wa kemia, "caTAlyst", wao "CAtalyst".

Mtasema, si tofauti ndogo tu? Kwa sikio letu ndogo, ndiyo. Sikio la Mmarekani hulitambua neno kwa silabi iliyopigwa nguvu, halafu ndipo linajazia nyingine. Ukiipiga nguvu silabi isiyo yake, yeye anatafuta neno lisilokuwepo. Na wakati anatafuta, wewe umeshasema sentensi mbili mbele.

Jambo la pili ni dada wa hilo. Sisi kila irabu tunaipa haki yake, hata iwe mwishoni mwa neno refu. Mwingereza na Mmarekani humeza. Silabi isiyo na mkazo huwa kama mtu aliyeficha uso. Ukizitamka zote kwa nguvu sawa, anayesikiliza hajui ipi ni ya maana. Ni kama kitabu kilichopigiwa mstari kila neno.

La tatu, irabu zenyewe. Tunazo tano, wao wanazo zaidi ya kumi. Kwa hiyo "first" na "fast" kwetu hukaa karibu, "curve" na "carve" hugongana, "heart", "hat", "hut" na "hurt" wote hulala kitanda kimoja. Mara nyingi muktadha unaokoa. Lakini upo mtego ambao muktadha hauokoi, na watu wa takwimu niangalieni hapa: "mean" ni wastani, "min" ni namba ndogo kuliko zote. Zote mbili ziko kwenye somo moja, jedwali moja, mara nyingine mstari mmoja. Mswahili anazitamka sawasawa. Dawa yake? Vuta ya kwanza, fupisha ya pili, na juu ya hapo andika ubaoni kila unapoitaja. Bora zaidi, "min" sema "minimum", umalize ugomvi. Na neno "sheet", la karatasi, msilifupishe irabu. Darasa litacheka dakika tano, na sababu mnaijua.

Watu wa Pwani mna mtaji ambao hamuujui. Sauti za "think" na "this" mmekua nazo kwenye theluji na dhahabu, wakati wa bara wengi huteleza kwenye "s" na "z". Wenye shida ya "l" na "r", nanyi mnajijua, pangeni maneno ya somo lenu yenye sauti hizo muyafanyie kazi hayo tu. Si kamusi nzima.

Halafu upo mkazo wa sentensi, mkubwa kuliko huo wa neno. Mwaka 2004 mtafiti Laura Hahn alichapisha jaribio lake: mhadhara mmoja, msemaji mmoja, naye ni mwalimu msaidizi wa kigeni. Ulisomwa kwa namna tatu. Mara ya kwanza mkazo mkuu wa sentensi uko mahali pake, mara ya pili umewekwa pasipo pake, mara ya tatu haupo kabisa, sauti imelala. Wanafunzi waliosikia ule wa kwanza walikumbuka zaidi yaliyosemwa na hata mwalimu mwenyewe walimpenda zaidi. Sauti za herufi zilikuwa zile zile na lafudhi ile ile. Kilichohama ni mkazo tu.

Kwa hiyo ukiwa na wiki nane kabla ya kusafiri, usianze na "th". Anza na mkazo. Chukua maneno arobaini ya kozi utakayofundisha, mtaala wake kwa kawaida upo kwenye tovuti ya idara. Yasikilize kwenye kamusi yenye sauti, Merriam-Webster inatosha, kisha andika kila neno ukikuza silabi yenye nguvu. Kila siku matano, kwa sauti, ndani ya sentensi kamili. Jirekodi kwa simu. Siku ya pili sikiliza, maana siku ile ile masikio yako yatakudanganya. Kisha chukua aya moja ya maelezo, weka alama ya kituo kila baada ya fungu la maana, na kwenye kila fungu piga mstari chini ya neno moja tu. Neno moja! Hilo ndilo utakalolipandisha.

Wengine mnaambiwa mnaongea haraka, mnajibu kwa kuvuta maneno kama kaseti iliyoisha betri. Hapana. Maneno yaache yaende mwendo wake. Kinachoongezwa ni vituo.

Nipite haraka kwenye msamiati. Shule zetu zimerithi Kiingereza cha Uingereza. "Gradient" ya mstari wao wanaiita "slope". "Indices" ni "exponents". "Brackets" za mviringo ni "parentheses", "trapezium" ni "trapezoid", herufi ya mwisho ni "zee", na alama za mtihani ni "points". Na kifutio, tafadhali, kiiteni "eraser". Jina tulilolizoea sisi, "rubber", kule ni kitu kinachouzwa duka la dawa.

Sasa tufike penyewe. Dakika kumi mbele ya ubao.

TOEFL unaongea na kipaza sauti. IELTS unaongea na mtu kwa dakika 11 hadi 14, yeye anauliza, wewe unajibu. Mitihani mingi ya vyuo kwa ajili ya walimu wasaidizi imegeuza meza: wewe ndiye unayeongoza. Pale UCLA kwa mfano unajitambulisha, unaeleza muhtasari wa kozi kana kwamba ni siku ya kwanza, kisha unafundisha somo fupi la fani yako kwa dakika kumi. Mbele yako wamekaa watahini, na pamoja nao wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza ambao kazi yao ni kukuuliza maswali. Chuo Kikuu cha Michigan nao huweka na igizo la saa za ofisi: mwanafunzi anakuja na shida, umsaidie. Ndiyo maana mtu mwenye TOEFL nzuri anaweza kuanguka hapa. Kujibu anajua. Kuongoza, na kukatizwa katikati, hajazoea.

Wanaoanguka huanguka vipi? Kwanza kwa mada. Kijana anachagua utafiti wake wa uzamili, kitu kinachohitaji wiki mbili kukieleza, halafu anakimbia. Pili, anaandika ubaoni huku anaongea, uso umegeukia ukutani, sauti inaliwa na ubao. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, anaulizwa swali hajalielewa, anajibu swali jingine alilolitunga mwenyewe. Au anasema "yes." Au anarudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mwanafunzi ni kiziwi.

Ngoja nionyeshe lilivyo somo la dakika kumi. Mada: tofauti ya wastani na namba ya katikati. Inatosha. Andika ubaoni maneno mawili, "mean" na "median", geuka, yatamke, sema kwa sentensi mbili leo tunajifunza nini na kwa nini. Hiyo dakika moja. Kisha andika mishahara ya wiki ya watu watano wa duka moja, kwa dola: 300, 320, 350, 380, na ya bosi, 5,000. Usihesabu bado. Waulize: mfanyakazi wa kawaida hapa anapata kiasi gani? Nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano. Kimya hicho kitakuuma, kivumilie. Watasema mia tatu na kitu. Ndipo ukokotoe: jumla 6,350, gawanya kwa tano, wastani 1,270. Kuna mtu yeyote dukani anayepata 1,270? Hakuna! Namba ya katikati ni 350. Wameona wenyewe. Umetumia dakika tano.

Hapo mmoja wa wale wanafunzi atainua mkono, au hatainua, atasema tu: "Wait, what if the boss quits?" Usishtuke, hajakosa adabu. Kwanza rudia swali lake kwa maneno yako, "So you're asking what happens if we take out the 5,000." Hilo linakusaidia mambo mawili, unahakikisha umelisikia, na unapata sekunde tatu za kufikiri. Kisha futa ile 5,000 ubaoni. Jumla 1,350 kwa watu wanne, wastani 337.5. Namba ya katikati sasa iko kati ya 320 na 350, yaani 335. Zimekaribiana! Swali lake limekusaidia kufundisha kuliko maandalizi yako. Mrudie: "Is that what you were asking?" Watahini wanaandika, na wanachoandika hapo kina uzito kuliko kosa la "he go" na "he goes."

Na usipolielewa swali? Usiseme "pardon" mara tatu. Shika sehemu uliyoielewa: "You're asking about the second step. Which part?" Mwalimu mzawa naye hufanya hivyo kila siku.

Sasa nirudi kwenye kile kiporo. Mwanzoni niliuliza "tuko pamoja?" mkaitika wote. Mwalimu wa kwetu huongea hivyo. Tena huacha neno la mwisho liokotwe na darasa: maji yanachemka kwa nyuzi mia...? "Mojaaa!" Fanya hivyo Indiana uone. "The mean is twelve hundred and...?" Kimya. Watu ishirini wanakutazama. Hawajui kwamba umewapa zamu. Na ukiuliza "Do you understand?" hakuna atakayesema hapana, na masikioni mwao swali hilo lina harufu ya kukaripia. Uliza kitu chenye jibu: hatua inayofuata ni ipi? Nani alipata tofauti na hii?

Upande wa pili nao ujiandae. Kwetu mwanafunzi anasimama, "Sir, naomba kuuliza." Kule atakuita jina lako la kwanza, miguu ameinyoosha, atasema "you lost me." Hajakudharau. Amekwambia amepotea wapi, kwa hiyo rudi nyuma hatua moja umchukue.

Siku ya kwanza ya darasa halisi, msianze kwa kuomba radhi kwa Kiingereza chenu. Ukisema "sorry for my English" umewapa kisingizio cha muhula mzima. Sema tu: nikitaja neno hamkulipata, niambieni, nitaliandika. Halafu liandike kweli.

Waliopata nafasi ya kwenda kufundisha Kiswahili kupitia Fulbright, ule mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani, wale wa miezi tisa, haya ya mkazo mnaweza kuyageuza: huko ninyi ndio mtakaomsikia Mmarekani akisema "KItabu", mkajua kwa nini.

Nimetumia muda wangu na wenu. Chai iko pale nyuma, lakini kabla ya chai ubao huu ni wenu, chaki ziko hapa, na tuna nafasi za watu sita, dakika kumi kumi. Safu mbili za mbele ndio wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kazi yenu ni kumkatiza, kwa Kiingereza, kwa swali ambalo hakulitarajia, angalau mara tatu. Safu ya nyuma kabisa, mkikosa kusikia neno, msimwonee huruma, inueni mkono. Mwenye simu yenye chaji amrekodi. Dada wa kemia uliyeshika barua, umeshasoma ukurasa wa pili? Basi anza wewe. Mada yako ni nini?